Ushuru wa 1828: hesabu ya South Carolina na waliotolewa ndani yake

Mwaka 1816, Bunge la Marekani lilipopitisha ushuru wa forodha wa kulinda viwanda vya nyumbani, John C. Calhoun wa South Carolina aliutetea. Daniel Webster, mtu wa New England, majimbo ya kaskazini-mashariki ambako matajiri walikuwa wenye meli, aliupinga. Mwaka 1828 ushuru ukapandishwa mno. Safari hii Webster aliupigia kura ya ndiyo, na Calhoun, akiwa Makamu wa Rais, akaandika waraka bila kuweka jina lake, akidai kuwa jimbo lina haki ya kuibatilisha sheria ya taifa ndani ya mipaka yake. Ndiyo maana nikisikia miaka hiyo ikisimuliwa kama mvutano kati ya wenye utaifa, waliotanguliza nchi nzima, na wenye ukanda, waliotanguliza eneo lao, huuliza kwanza: mwaka gani, na pamba ilikuwa bei gani?

Henry Clay wa Kentucky, kinara wa upande wa utaifa, alikuwa na hoja nzito. Vita vya 1812 dhidi ya Uingereza viliikuta nchi haina benki kuu, maana ile ya kwanza ilimaliza muda wake 1811, na barabara zake zilikuwa mbovu. Amani iliporudi, bidhaa za Waingereza zikajaa bandarini kwa bei ya kutupa na viwanda vichanga vikafungwa. Dawa ya Clay ilikuwa ushuru, benki ya taifa, na barabara na mifereji kwa fedha za serikali kuu: Kaskazini ifume, Kusini ilime pamba, Magharibi ilishe wote, kila upande uwe mteja wa mwenzake. Wala ukanda haukuwa ugonjwa wa Kusini peke yake. Desemba 1814 wajumbe wa New England walikutana Hartford kuilalamikia serikali iliyoiua biashara yao ya baharini, na huko kwao walikuwapo waliotaka kujitenga.

Mfereji wa Erie unawapa tabu wenye utaifa na wenye ukanda pia. Machi 1817 Rais Madison aliukataa muswada wa Calhoun wa kugharimia barabara na mifereji, akisema Katiba haiipi serikali kuu mamlaka hayo. Julai mwaka huohuo jimbo la New York likaanza kuchimba lenyewe. Kilomita 584, kutoka Mto Hudson hadi Ziwa Erie, zilikamilika 1825 kwa takriban dola milioni 7. Kusafirisha tani moja ya mzigo kati ya Buffalo na jiji la New York, kazi iliyogharimu karibu dola 100, kukashuka chini ya dola 10. Jimbo lilitafuta maslahi yake, na nchi nzima ikafaidika. Hata hivyo, ngano iliyopita mferejini isingefika mbali kama kila jimbo lingetoza ushuru mpakani, na aliyelizuia hilo ni Katiba ya taifa. Hapo siwezi kuupa upande mmoja ushindi.

Malalamiko ya South Carolina nayo hayakuwa ya kubuni. Mwenye shamba aliuza pamba Liverpool kwa bei ya soko la dunia, bila kulindwa na yeyote, kisha akanunua nguo na zana kwa bei iliyopandishwa na ushuru. Mbunge wao George McDuffie aliwapigia hesabu ya marobota: ushuru wa asilimia 40 ni sawa na kunyang'anywa marobota 40 katika kila 100. Alitia chumvi. Bei ya ratili ya pamba, iliyozidi senti 30 mwaka 1818, ilikuwa imeporomoka hadi karibu senti 10. Ardhi yao ilikuwa imechoka, na Alabama na Mississippi zilikuwa zinalima ardhi mpya waliyoporwa wenyeji. Ushuru uliwaumiza, lakini haukuwaumiza peke yake.

Kinachonikera zaidi katika hesabu hiyo ni nani aliyeitwa mwenye marobota. Kwa sensa ya 1830, zaidi ya nusu ya watu wa South Carolina walikuwa watumwa. Marobota yote 100 yalitokana na jasho lao, na hakuna aliyewauliza kuhusu ushuru. Kaskazini haikuwa na mikono safi: viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba hiyohiyo, na wafanyabiashara wa New York waliisafirisha na kuikatia bima. Hata pwani yetu ilifikiwa. Merikani, kitambaa cha pamba kilichouzwa Zanzibar na kupelekwa bara kununulia pembe za ndovu, ilitoka kwenye viwanda hivyo, ikiletwa na meli za Salem, bandari ya Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833.

Novemba 1832 South Carolina ilitangaza kuubatilisha ushuru. Rais Jackson akatishia kutumia jeshi, na mwaka uliofuata Clay na Calhoun wakaafikiana ushuru upunguzwe hatua kwa hatua hadi 1842. Wapo wanaoona hapo utaifa ulishinda bila risasi. Mimi naona lilitatuliwa jambo jepesi. Calhoun mwenyewe alimwandikia rafiki yake mwaka 1830 kwamba ushuru ulikuwa tukio la kuchochea tu, si sababu halisi. Kilichoitenga Kusini na wengine ni utumwa wake. Ushuru ukapungua. Watumwa, waliokuwa milioni 2 mwaka 1830, walikaribia milioni 4 kufikia 1860. Desemba 1860 South Carolina ikawa jimbo la kwanza kujitoa katika Muungano, na tamko lake la sababu lilijaa habari za utumwa, ushuru haukutajwa.