Mustaafu Anayetaka Useremala Aanze na Kinoo

Mtu aliyetumikia ofisi maisha yake yote, akastaafu na kuamua kujifunza useremala kwa dhati, hushawishika mapema kutumia kiinua mgongo chake kununua mashine. Mimi niliyetoka kwenye kazi ya makaratasi nashikilia kwamba fedha za mwanzo ziende kwenye randa moja nzuri, msumeno, patasi chache na, zaidi ya vyote, kinoo cha kuzinolea.

Tuiangalie patasi. Upande wake wa nyuma husuguliwa mpaka uwe sawa kabisa, kisha mshazari wa mbele hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, na makali yenyewe humaliziwa kwa nyuzi 30, hadi kidole kihisi mkunjo mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili, ambao nao huondolewa kwa kuilaza patasi chali juu ya kinoo. Patasi ya namna hiyo hukata kichwa cha ubao laini bila kuziponda nyuzi zake, ilhali iliyo butu hudai nguvu, na ni nguvu hiyo hiyo inayoifanya iteleze na kujeruhi mkono. Kwetu sisi ambao mabega yameanza kuchoka, makali yana thamani kuliko misuli.

Mbao nazo zina tabia zake. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, lakini kwa urefu karibu haubadiliki, ndiyo maana uso wa meza uliogandishwa kwa gundi kwenye fremu pande zote huishia kupasuka. Mafundi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi ya unene, na mtu aliyezoea kufukuzana na tarehe za ripoti hana budi kuizoea subira hiyo.

Barakoa si ya hiari: vumbi la mbao liliorodheshwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo kwa binadamu.

Lililo gumu zaidi, nadhani, ni kukubali kufundishwa. Aliyekuwa mkuu wa idara na asimame mbele ya kijana mwenye umri wa mwanawe, amwite Fundi, na ampe avikague ulimi na tundu alivyovichonga, yaani ncha ya ubao mmoja na shimo la ubao wa pili ambamo ncha hiyo huingia ili kuziunganisha. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa na kiganja, utiwe gundi, na ukichezacheza, ukatwe mwingine.