Tunauuliza waya ukishakatika

Jumatano iliyopita kijiko kilichokuwa kinachimba mtaro kando ya barabara ya Himo, hapa Moshi, kilikata faiba, waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka magharibi steshenari yangu haikuwa na intaneti, na benchi la nje lilijaa vijana waliokuja kutuma maombi ya mkopo wa chuo. Binti mmoja alikuwa ametoka Marangu kwa daladala. Alikaa na bahasha yake mapajani hadi saa tisa, akaondoka.

Nilikwenda kuangalia. Bomba la plastiki lilikuwa limeng'olewa, nyuzi za kioo zikining'inia nyembamba kama nywele. Fundi aliniambia alichomeka kipimo akiwa mjini, kikamwonyesha waya umekatika kilomita 6 na ushee. "Mangi, umbali niliujua kabla sijawasha pikipiki."

Maneno yake yamenikaa kifuani tangu siku ile. Kipimo kinarusha mwanga, na kila sehemu ya kioo inarudisha kiasi kidogo. Ndani ya faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukirudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, umetoka mita 100. Hesabu hiyohiyo, kwa kifaa chenye usikivu zaidi, inausoma waya ukiwa mzima: ardhi ikitikisika kioo kinavutika kidogo mno, na mwanga unaorudi unabadilika. Waya mmoja unakuwa maelfu ya masikio, moja kila mita chache, kwa makumi ya kilomita. Kijiko kile kingesikika hakijaugusa.

Na kijiko ni jambo dogo. Mwaka 2018 watafiti walisikiliza kilomita 20 za waya uliolala chini ya ghuba ya Monterey, California, kwa siku nne tu, wakagundua mipasuko ya ardhi ambayo haikuwa kwenye ramani. Iceland wanasikiliza waya wa simu kufuatilia volkano za Reykjanes. Sisi tuna volkano yetu, Oldoinyo Lengai, na Julai 2007 tetemeko la upande ule wa Ziwa Natron lilisikika mpaka Nairobi.

Tuna pia mlima Hanang. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope liliporomoka kutoka mlimani, likaingia mji wa Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Sisemi waya ungewaokoa. Nasema tope na mawe yakianza kushuka yanaitikisa ardhi kabla hayajafika kwenye nyumba, na kwa mama aliyelala, dakika tano zinatosha kufungua mlango na kushika watoto wawili mkono. Dakika hizo nazitaka, kwa kila kijiji kilicho chini ya mlima.

Ni ghali, nakubali. Data zake ni terabaiti kwa siku, yaani maelfu ya gigabaiti, na lazima mtu akifundishe kifaa kutofautisha ng'ombe na kijiko. Wanaohofia faragha wana hoja, sheria iwekwe. Lakini kati ya Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, na faiba tayari iko ardhini. Tuanzie hapo.

Fundi alimaliza kuunga jioni, akiwa amepiga magoti udongoni na taa kichwani, unywele mmoja baada ya mwingine. Kijiko kilikuwa kimeshasogea mbele, kinachimba kandokando ya waya uleule.