Dawa ya Magoti ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kuwaindi, hapa Mwanza. Feni, pampu ya maji, mota ya mashine ya kusaga: ikiungua niletee, naisuka upya. Nimeitaja kazi yangu mapema ili ujue kwamba kilichonipata hakikuletwa na ujinga wa umeme. Kililetwa na kikombe cha plastiki.

Mdogo wangu anaishi Denver, Marekani. Mwaka jana alikuja likizo na krola, yaani kigari cha rimoti cha kupanda miamba, ukubwa wake moja ya kumi ya gari la kweli. Watu wakikiona swali lao la kwanza ni "kinakimbia?" Hakikimbii. Kinatembea kama kinyonga: tairi hili linashika, lile linapapasa, bodi inalala upande mpaka unashika kichwa, halafu taratibu kinatokea juu ya jiwe. Mdogo wangu alisema huko kwao watu wanafunga safari Jumamosi nzima kufuata mawe ya kuchezea. Nilimcheka. Mimi nakaa Mabatini, mlimani. Nyumba yangu imeegemea jiwe moja, choo kimeegemea jingine, na la tatu, tunaloliita Kipara, tunaanikia dagaa.

Alipoondoka akatuachia. Wiki haikuisha, mwanangu Neema akakikwamisha kwenye ufa wa Kipara, na badala ya kuachia rimoti akazidi kubonyeza. Mota iliyokwama inakula umeme kuliko inayozunguka, na umeme wote huo unaishia kuwa joto. Nilikuwa ndani, nikasikia harufu. Harufu ile siwezi kuikosea. Ndiyo inayolipa kodi ya fremu yangu.

Mtu mwingine angeagiza mota. Mimi nikasema, mota iagizwe na mimi nipo? Iliyoungua ilikuwa ya raundi 35, yaani mizunguko 35 ya waya kwenye kila jino. Nikaamua kuisuka kwa raundi 55. Raundi zikiongezeka mota inapunguza mbio, ila kwa umeme uleule inasukuma kwa nguvu zaidi, na juu ya jiwe hakuna anayetaka mbio. Nikatangaza mtaani kwamba Jumapili Kipara litapandwa mpaka utosini. Baba Asha wa duka la vinywaji akasema kigari kikifika juu anatoa kreti ya soda. Kisipofika, natoa mimi.

Sasa, amecha ya mota ile, yaani kiini cha ndani kinachozunguka na kuvikwa waya, ina unene wa kidole gumba changu, na meno matatu tu. Mikono iliyozoea pampu ya kisima pale inajiona miguu. Nilikaa chini ya taa na waya wa nusu milimita, nikakwangua vanishi kwenye ncha kwa wembe, nikaanza: moja, mbili, tatu, kila raundi imelala kando ya mwenzake kama dagaa kwenye pakiti. Jino la kwanza, 55, safi. Jino la pili, Neema akaja kuomba hela ya daftari, nikapotelea kwenye 38. Au 39. Nikabahatisha. Nilipomaliza lile la tatu nikasimamisha viwembe viwili sambamba, nikalaza shafti juu yake ili nione amecha imeegemea wapi. Amecha iliyo sawa inakaa popote unapoiachia. Yangu, kila nikiiachia, jino la pili lilipanda juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikafumua. Raundi 53. Zile mbili zilikula usiku mzima.

Katikati ya hayo mama mkwe akaingia kutoka Ukerewe. Alisema siku tatu, na begi la miezi mitatu. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na kwetu mlimani hakuna barabara, kuna ngazi za mawe. Alifika juu anahema, akakaa, akasema hajawahi kuona mwanamume anayeoa mtoto wa watu akampeleka kuishi na pimbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Maji."

Nilibakiza kazi moja, kaboni, vile vijiti viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha inayozunguka. Za saizi ile sikuzipata, nikachukua za drili iliyokufa nikazisugua kwa msasa mpaka zikaingia kwenye nyumba zake. Lakini uso wa kaboni niliyoikata ni bapa, na komyuteta, ile shaba ya amecha ambayo kaboni inaigusa, ni mviringo. Zinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na ukiipa mota mzigo katika hali hiyo cheche zinaichuna komyuteta. Kwanza lazima kaboni iliwe kidogo, ipate shimo la kulalia. Wenye mchezo huu wana njia yao: mota inazamishwa kwenye maji, inapewa umeme mdogo, inazunguka polepole dakika chache. Kaboni inajikata, maji yanabeba unga. Ukitoa unaikausha, unatia oili kwenye bushi, tayari.

Nikachukua kikombe cha plastiki cha kijani, nikajaza maji, nikatumbukiza mota, nikaunga betri mbili za tochi. Ikaanza kunung'unika taratibu, na wino ukaanza kupanda. Sijui niseme vipi uzuri wake. Uzi mweusi ulitoka tumboni mwa mota, ukajikunja, ukapanuka kama moshi wa ubani, na baada ya dakika tano kikombe kilikuwa kahawa ya Kiarabu. Hapo simu ikaita. Mteja, pampu yake imegoma, shamba linakauka. Nikatoka nje kutafuta mtandao, maana ndani mawe yanauzuia.

Niliporudi mota ilikuwa juu ya meza, imelala kwenye kitambaa cha kufumwa cha mke wangu, bado inazunguka. Kikombe kitupu. Na mama mkwe amekaa kwenye kochi, khanga ameipandisha, anayachua magoti mawili meusi tii.

Kwetu mkwe wa kiume hata kumtazama mama mkwe usoni ni jambo la kufanya kwa kipimo. Magoti sikuwa nimewahi kuyaona wala sikuwa na mpango. Niligeukia ukutani haraka hivi kwamba nikagonga paji la uso kwenye kalenda.

"Baba," akasema huku nyuma yangu, "hii dawa yako kali. Naisikia inapenya."

"Mama, hiyo…"

"Nimekiona kimashine chako kinaikamua. Nikasema mwanangu amenihurumia ila anaona haya kuniambia. Haya ya nini? Mimi ni mama yako."

Nikaiambia kalenda, "Karibu, mama."

Usiku mke wangu alicheka mpaka akauma mto, kisha akanyamaza ghafla akaniambia, "Baba Neema, ukimwambia mama yangu amejipaka uchafu wa mashine, utalala kwenye Kipara."

Asubuhi mama mkwe alishuka ngazi zote mpaka sokoni, akapanda nazo zote, mkononi ana sato. Hakuhema. Mimi nadhani ni kule kuchua, maana alijikanda nusu saa kwa mikono ya mwanamke aliyelima maisha yake yote. Hata jiwe lingelainika. Lakini nani ataniuliza? Saa nne alikuwa kwenye simu na dada yake kule Nansio. Mchana wakaja wamama wawili wa jirani, mmoja na kiuno, mwingine na bega. Jioni nikapewa dumu la lita tano.

Hapo ndipo ufundi uliponigeuka. Kaboni ikishapata shimo la kulalia, haiachii tena unga kama mwanzo, na hilo ndilo lengo lenyewe la kuizamisha. Kikombe cha pili kilitoka kijivu. Cha tatu kilitoka kama maji ya kuoshea mikono. Mama mkwe akakiinua kwenye mwanga.

"Baba, hii umeizimua."

"Hapana mama, ndivyo inavyotoka."

"Ile ya kwanza ilikuwa nzito. Au ile ni ya wageni, hii ni ya wenyeji?"

Basi nikawa naharibu makusudi. Natoa kaboni, naisugua iwe bapa, narudisha, naizungusha, maji yanakolea. Natoa tena. Kila kikombe cha dawa kilikuwa kinakula mota yangu. Kaboni zilizoanza na urefu wa kucha zikafika urefu wa punje ya mchele, na dumu bado lilikuwa nusu. Kusaga mkaa nao nilikufikiria. Mke wangu akasema mama yake anaujua mkaa kuliko mimi ninavyoijua mota.

Jumamosi mama mkwe akatangaza kwamba Jumatatu anapanda meli na dumu lijae. Wamama wa jirani walikuwepo, watano sasa, na yule wa kiuno alikuwa amevaa gauni jeupe la kwaya kwa sababu anatokea mazoezini. Walitaka kuona inavyokamuliwa. Kwa betri za tochi maji yalikuwa yanakaa tu, hayabadiliki. Macho kumi na mawili yananitazama. Nikafanya kitu ambacho kijana wangu wa kazi akikifanya namfukuza: nikachukua betri ya krola, ya lithiamu, seli tatu, volti 11.1, nikaunga moja kwa moja.

Kwa muda wa kama kuvuta pumzi moja, kilipendeza. Maji yalisimama pembeni ya kikombe, katikati kukawa na shimo, na weusi ukaja wote kwa mpigo. "Eeh, hiyo ndiyo!" mama mkwe akasema. Halafu kaboni moja ikaisha. Ikiisha, springi inayoisukuma inatua kwenye komyuteta yenyewe, chuma juu ya shaba inayozunguka. Ilipiga mlio kama jogoo aliyekanyagwa, cheche za bluu zikawaka chini ya maji, mota ikajipinda, kikombe kikaruka.

Sikujua kwamba maji ya kikombe kimoja yanaweza kufika mahali pengi namna ile. Dari. Kitambaa cha kufumwa. Kalenda. Gauni la kwaya, kuanzia kola mpaka pindo. Mota iliangukia kwenye bakuli la sato na kukoroga mchuzi mara mbili kabla sijaing'oa waya.

Kimya. Neema, aliyekuwa mlangoni, akaingia na kigari kwapani.

"Bibi, hiyo ni mota ya gari langu."

Nikaanza kuitafuta kalenda kwa macho. Mama mkwe alijipangusa shavu, akakichukua kigari, akakigeuza chini juu, akaona pale ambapo mota hukaa.

"Kwa hiyo hii ndiyo inayokipandisha kwenye mawe?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Samahani sana, mama."

"Na mimi si imenipandisha?"

Wamama wakatazamana. Yule wa kiuno, gauni likimchuruzika, akatikisa kichwa polepole kukubali.

Jumapili nilitoa kreti. Mama mkwe alikunywa soda mbili, amekaa juu ya Kipara kabisa, mahali ambapo kigari changu hakikufika, akiniuliza kutoka kule juu kwa nini siji. Jumatatu nilimsindikiza bandarini na dumu lake, nusu vilevile. Mota iliyokufa aliiomba mwenyewe, akaifunga kwenye pindo la khanga kama pesa.

Jana usiku simu imeita, namba ya Nansio. Dada yake anauliza, inalowekwa na chumvi au bila?