Sikukuona, Mkubwa

Nimeambiwa tena kwamba sionekani.

Sikuambiwa na mganga wala daktari wa macho. Nimeambiwa na jamaa mwenye gari, IST nyeupe, pale Buguruni, baada ya kunipita nikiwa kwenye pikipiki yangu na hapohapo kunikatia kushoto kuingia sheli, bila indiketa, bila honi, bila hata ule mkono wa samahani ambao watu huutoa dirishani wakati hawana nia yoyote ya kuomba samahani. Kashusha kioo nusu, kiyoyozi kisije kikamtoroka, akasema: "Sikukuona, mkubwa."

Nikajitazama. Kilo tisini na ushee. Helmeti nyeupe. Koti la reflekta rangi ya machungwa, aina ile wanayovaa mafundi wa barabara ili greda lisiwapitie. Taa ya mbele inawaka saa nane mchana, Jumamosi, jua la Dar linachoma mpaka lami inanuka. Nyuma nimebeba kitu ambacho nitakieleza baadaye, maana ndicho kilicholeta kesi.

Na tuelewane: mimi si boda. Nawaheshimu sana, mmoja anaelekea kuwa mkwe wangu, lakini mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na Boxer yangu ni chombo binafsi cha familia. Naeleza haya kwa sababu wapo wanaoniona vizuri kabisa. Dada aliyesimama Ilala Boma na mifuko ya nyanya ananiona akiwa upande wa pili wa barabara: "Boda! Tabata Bima buku?" Mangi wa mtaani, ambaye kuna hesabu ndogo ya unga na mafuta hatujaimaliza, ananitambua usiku, umeme umekatika, taa nimezima, nasukuma pikipiki kwa mikono nikipita dukani kwake kwa kunyata. Mweka hazina wa kamati ya harusi aliniona Barabara ya Mandela, nikiwa nimebanwa katikati ya malori mawili ya kontena kutoka bandarini, akanipungia daftari. Mbwa wa Segerea wananiona. Trafiki ndiyo usiseme, huyo ananiona kabla sijatoka nyumbani.

Sasa huyu wa IST ana nini?

Mpwa wangu yuko chuo, na mtoto akishafika mwaka wa pili hakuna jambo la mjomba wake lisilo na utafiti. "Anko, tatizo si macho, ni ubongo." Akanionyesha kwenye simu, kwa bando langu, jaribio la Wamarekani wawili, Daniel Simons na Christopher Chabris, la mwaka 1999. Vijana wanapasiana mpira, wewe unaambiwa uhesabu pasi. Nikahesabu kwa uadilifu wa mtu wa stoo. Kumbe katikati kapita mtu aliyevaa vazi la gorila, kasimama, kajipiga kifua, kaondoka zake. Karibu nusu ya waliofanyiwa jaribio lile hawakumwona. Na mimi sikumwona, ila hilo sikumwambia. Basi dereva naye, anasema mpwa, akifika kwenye makutano anatafuta gari, maana gari ndilo linaloweza kumuumiza. Pikipiki haimo kwenye orodha yake. Hata akikuona, kwa kuwa kwa mbele u mwembamba, anadhani bado uko mbali. Hapo kwenye wembamba nilimwomba arudie. Na ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inatosha kuimeza pikipiki nzima na abiria wake, wakati kwa spidi 50 wewe unakula karibu mita 14 kila sekunde.

Dawa nayo anayo. Kuna utafiti wa New Zealand wa mwaka 2004: waendesha pikipiki wenye reflekta hatari ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Nikaenda Kariakoo kutafuta nyeupe. Muuzaji akanihurumia. "Mzee, nyeupe inashika uchafu. Chukua hii nyeusi, ina moto pembeni." Kweli ilikuwa na moto umechorwa mpaka kisogoni. Nikang'ang'ania New Zealand. Nyumbani wanangu wakasema nafanana na yai lililopanda Boxer, na mama yao, ambaye ningetegemea anitetee, akacheka mpaka akakaa chini.

Mpwa akaongeza kwamba ukikaribia makutano uyumbe kidogo ndani ya njia yako, kulia, kushoto, taa ikihamahama jicho la dereva linashtuka. Nikayumba. Nikasimamishwa nipulize kile kifaa cha pombe.

Haya, turudi Buguruni.

Nilichobeba kilikuwa kioo. Kioo cha dresing tebo ya shemeji, kimetoka kukatwa upya kwa fundi Gerezani, kirefu, kinanifika kifuani. Nilikifunga kwenye keria kwa mipira ya kufungia mzigo, kikiwa kimeangalia nyuma. Fuatilia vizuri hapo. Kimeangalia nyuma. Na IST ilikuwa nyuma yangu tangu Karume. Yaani kutoka Karume hadi Buguruni, kwa foleni ile tunayoijua, yule bwana alikuwa anajitazama. Alikuwa na nafasi ya kuchana nywele. Hapa hakuna nguzo, hakuna gorila, hakuna makutano. Kama hakuniona mimi, basi na yeye mwenyewe hakujiona.

Nilisimama nusu hatua kutoka kwenye bampa lake, mguu mmoja mtaroni, ndani ya yale maji ambayo chini yake huwezi kujua kuna nini na ni heri usijue. Mkono mmoja kwenye breki, mwingine nyuma umeshika mali ya shemeji. Nikasema, kwa sauti ya kiofisi: "Ndugu yangu, naomba ushuke tuzungumze kama watu wazima."

Kusema hivyo Buguruni ni kupiga kengele ya mapumziko shuleni. Kijiwe chote cha boda kilikuwepo kabla hajafungua mlango. Akaja mama wa matunda na kisu chake. Akaja fundi simu na simu ya mtu. Mzee wa kahawa akatua birika, akakaa juu ya tairi bovu, akawa jaji. Hakuna aliyemteua.

"Sema wewe," akamwambia mwenye IST.

"Mzee wangu, mimi kwa kweli sikumwona. Jua lilinimulika."

"Jua liko juu. Limekumulikaje?"

"Kupitia kile kioo."

"Kioo kipi?"

"Hicho alichobeba."

"Alichobeba nani?"

Kimya. Jamaa akaangalia viatu vyake, viatu vizuri, vimechongoka, vinaanza kuingia tope.

"Huyu... huyu hapa."

"Huyu yupi?"

"Huyu mzee!" kijiwe kikaitikia kwa pamoja, na mtu mmoja nyuma akapiga honi ya bajaji.

Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nikapandisha kioo cha helmeti ili umma uone uso wa mlalamikaji. Jamaa akajikusanya, akasema kumulikwa na kitu na kukiona kitu ni mambo mawili tofauti. Mama wa matunda akamuuliza, hivi ukimulikwa na kitu usichokiona unakipitaje kwa kulia? Ulizunguka nini? Jamaa akasema alizunguka shimo. Fundi simu akaenda kulitafuta shimo. Mashimo yapo, hii ni Dar, akarudi anasema yako matatu, anataka shimo lipi. Ikabidi mshtakiwa aende mwenyewe kuonyesha shimo lake, umati nyuma yake, huku foleni inafika nadhani Malapa, kila daladala ikipita konda anauliza: "Amekufa?"

Hapo ndipo mlango wa upande wa pili wa IST ulipofunguka.

Akashuka mama mmoja mtulivu, ana kitenge kizuri na bahasha ya eksirei mkononi. Akasema bila kupandisha sauti: "Baba Junior, mimi nilikwambia. Nilikwambia pale kwenye mataa, mwangalie huyo baba wa kioo. Ukaniambia namwona."

Mzee wa kahawa akavua kofia.

"Nilisema naiona sheli," Baba Junior akajibu.

"Hukusema sheli."

"Nilisema sheli, Mama Junior."

"Wewe huoni vitu. Bomba la jikoni linavuja tangu Pasaka, huoni. Mama yangu amekaa sebuleni jana masaa mawili, unapita na taulo, huoni. Huyu baba ana koti la machungwa!"

Kesi ikanitoka mikononi hivihivi. Kuanzia hapo hakuna aliyenisemesha. Umati uligawanyika, wanawake bomba la jikoni, wanaume nao wakaanza kutazama simu zao, na mzee wa kahawa akauliza kama mama mkwe alisalimiwa baadaye au ndiyo ilikwisha vile. Mimi mwenye malalamiko, mguu mtaroni, soksi imelowa, mkono umekufa ganzi kwa kushika kioo, nimesimama pembeni ya kesi yangu mwenyewe nasikiliza ugomvi wa taulo.

Na kama nilivyosema, trafiki ananiona. Alitoka kusikojulikana, meupe yamepigwa pasi, akapita katikati ya umati, akaipita IST iliyosimama kimshazari mdomoni mwa sheli, akapita mashimo yote matatu, akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Habari yako, mzee. Huu mzigo umezidi upana."

Nikamweleza. Nikamwonyesha mtaro. Nikamtajia New Zealand.

"Leseni."

Nashukuru bajeti ya 2021 iliyoshusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, la sivyo shemeji angeuziwa kile kioo kwa bei ya kabati. Baba Junior aliondoka wakati naandikiwa. Wakati anatoka sheli alinipigia honi ya kuniaga. Ya kuniaga! Ananiona sasa.

Unajua, ningeweza kucheka hii habari mpaka mwisho, lakini imenishinda. Pale kijiweni kwetu Segerea kuna kijana amerudi kutoka wodi ya mifupa na vyuma vinatokeza mguuni, anakaa kwenye benchi anaangalia wenzake wakipakia. Alikuwa na reflekta. Alikuwa na helmeti, tena aliifunga kamba, si wale wanaoiweka utosini kwa ajili ya trafiki tu. Mtu wa pikapu alikata kulia mbele yake mchana kweupe, akashuka, akasema lilelile. Mama wa kijana anauza vitumbua, alipoambiwa dereva hakumwona mwanawe, akauliza: "Sasa alikuwa anaangalia nini?" Hakuna aliyemjibu, na mimi nilikuwepo. Unavaa, unawasha, unapunguza, unakaa pale ambapo kioo chake cha pembeni kinaweza kukuonyesha, unafanya yote, halafu mtu anafungua mlango wa gari Mtaa wa Msimbazi kama anafungua kabati la nguo zake. Bajaji inakunja kwa kutoa mguu nje. Msafara wa harusi, mpiga picha amening'inia nyuma ya pikapu, dereva anatazama kamera. Lile gari kubwa lenye vioo vyeusi linawasha hazadi zote nne, maana yake nini, hata Mungu anasubiri lisimame ajue. Na usiku ndugu zetu wa mshikaki, watu wanne, taa hakuna, mmoja anamulika njia kwa tochi ya simu!

Nikasema kama shida ni kuonekana, basi nitasikika. Fundi mmoja akanifungia honi ya basi, ile ya kwenda mkoani. Kuibonyeza mara ya kwanza, nzi waliokuwa kwenye duka la nyama waliondoka na hawajarudi, taa ya mbele ikazimika, na mzee mmoja mwenye baiskeli akapanda tuta la maua. Barabarani inasaidia, siwezi kukataa, magari yanajibana, ila wakigeuka wakakuta ni mimi wanakasirika kwamba nimewadhulumu. Betri haiiwezi. Kila ukipiga honi, indiketa zinakufa kwa dakika nzima, kwa hiyo lazima nichague, niseme nipo au niseme naenda wapi.

Kioo kilifika salama, shemeji anasema kinamnenepesha.

Honi ndiyo imeleta kesi mpya. Mtoto wa jirani alitoka Jumapili alfajiri na begi na chupa ya maji, akakaa barazani anasubiri basi la shule. Baba yake akanipeleka kwa mjumbe. Mjumbe akaita kikao chini ya mwembe, akanipa nafasi nijieleze. Nikaanza na gorila. Sikufika kwenye nguzo, mama mmoja akanyoosha mkono akasema kabla ya hayo ya magorila, gari la taka mbona halipiti na hela tunatoa? Kikao kikahamia huko. Mmoja anasema zake anachoma, mwingine anasema moshi ndio unaoingia kwenye nguo zake, mzee wa nyumba ya kona anataka risiti za tangu Februari, na mjumbe anatafuta miwani ili asome risiti wakati miwani anayo usoni. Mimi nikakumbuka nimeacha ufunguo kwenye pikipiki, nikatoka mbio.