Mche ukinyauka, usikimbilie mbolea
Mwandishi mmoja anasema mche uliopandwa karibuni ukianza kunyauka uongezewe mbolea ya chumvichumvi ili upate nguvu. Hapo napinga kabisa. Mche ukihamishwa hupoteza sehemu kubwa ya mizizi midogo inayofyonza maji, na mbolea hiyo inaweza kuiunguza hata iliyobaki. Mparachichi wangu ulipukutisha majani wiki ya pili tu. Nilipochimbua kwa kidole, juu udongo umelowa, chini vumbi tupu! Nikawa naumwagilia ndoo nzima polepole, nikatandaza nyasi kavu kuuzunguka bila kugusa shina, maana gome huoza. Kabla hamjaung'oa mche wenu ulionyauka, kwaruzeni gome kwa ukucha: pakiwa kijani, bado u hai. Wenzangu, wenu ulichukua muda gani kuchipua tena?