Biva Anakata Miti, Ayala Anamaliza Msitu

Ukiniuliza kati ya ayala mwekundu na biva ni yupi wa kutetewa kule Scotland, nitamtaja biva bila kusita. Ayala anapendwa, naelewa. Dume lake lina pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, na kuna matajiri wanaomiliki milima mizima kwa ajili ya kumwinda tu. Biva ni wa jamii ya panya: mnene, mkia bapa, meno ya rangi ya chungwa. Anaangusha miti na kuziba vijito. Nani atampigia debe?

Lakini tazama wanachoacha nyuma. Biva akiangusha mwerebi, kisiki kinabaki kimechongoka, kimejaa alama za meno, na baadaye machipukizi hutoka ubavuni. Bwawa lake hutuliza maji; vyura na kerengende huzaliana humo. Ayala haangushi mti. Anaula ungali mche, kama mbuzi aliyefunguliwa kwenye kitalu. Mbwamwitu walishatoweka huko, hakuna wa kumkimbiza. Ndiyo maana anayepanda miti huzungushia uzio, au huvisha kila mche mrija wa plastiki. Ndani ya uzio miti inakua. Nje, mlima mtupu.

Biva aliangamizwa Scotland karne ya 16 kwa ajili ya manyoya, nyama na ute wake wenye harufu. Mwaka 2009 wachache waliletwa rasmi msitu wa Knapdale, magharibi mwa Scotland, kutoka Norway. Mei 2019 sheria ikaanza kumlinda, na bado hadi mwaka huo kwisha 87 walikuwa wameuawa kwa vibali. Hilo linaniuma.

Wakulima wa bonde la mto Tay, mashariki mwa Scotland, ambako biva nao wapo, siwabezi. Ardhi yao ni tambarare, mtaro mmoja ukizibwa shamba zima linafurika, na aliyepoteza mazao huwezi kumlisha habari za kerengende. Ila biva anaweza kunaswa akahamishwa. Serikali iliafiki njia hiyo mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 wengine waliachiwa kwenye milima ya Cairngorms. Hiyo iwe hatua ya kwanza, kibali cha kuua kije mwisho kabisa.

Risasi ziende kwa ayala, tena majike, maana kuua madume kwa fahari ya pembe hakupunguzi uzazi. Nyama ipelekwe shuleni na hospitalini.