AFCON kila baada ya miaka minne: anayelipa ndiye anayepanga?

Tarehe 20 Desemba 2025, siku moja kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika kuanza Morocco, rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe alitangaza mjini Rabat kwamba baada ya mashindano ya 2028, AFCON itachezwa kila baada ya miaka minne. Tangu 1968 imekuwa ikichezwa kila baada ya miaka miwili. Mahali pake pataingia Ligi ya Mataifa ya Afrika, itakayokuwa ya kila mwaka kuanzia 2029. Mashindano ya 2027, yale ambayo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, hayakuguswa.

Hapa Mombasa habari hiyo iligawanya watu. Kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Majengo hadi Likoni, ambako kwa shilingi hamsini unabanwa kwenye benchi la mbao mbele ya runinga, nimesikia hoja mbili zikigongana, na zote zina uzito. Wapo wanaosema afadhali: Ulaya wana Euro kila baada ya miaka minne, sisi tuna haraka ya nini? Wapo wanaosema tumeuzwa. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ila siungani nao wanapolaumu pesa zenyewe.

Nianze na wanaoafiki, kwa sababu hoja yao hubezwa upesi mno. Kuandaa mashindano ya timu 24 ni kazi nzito, na Kenya inalijua hilo kuliko nchi nyingi. Tulipewa AFCON ya 1996 ikaishia Afrika Kusini. Tulipewa CHAN, mashindano ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za ndani, ya 2018 ikaishia Morocco. Mara zote mbili hatukuwa tayari. Tulipoiandaa CHAN hatimaye, Agosti 2025 pamoja na majirani zetu, mechi zote za upande wa Kenya zilichezwa Nairobi, kwenye viwanja vya Kasarani na Nyayo. Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa nchini, haikupata hata mechi moja. Na si jambo geni: Bandari FC, timu ya mji huu inayochezea Mbaraki, iliposhiriki Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2019, iliwapokea wageni wake Kasarani. Nchi inayohitaji miaka kadhaa kumaliza uwanja mmoja haiwezi kudai kwamba miaka miwili inatosha kuandaa bara zima.

Kuna na hoja ya soko. Mashindano yanayokuja mara chache huuzwa ghali, na wafadhili hulipia kile ambacho hakipatikani kila siku. Motsepe alitangaza pia kwamba bingwa wa AFCON ya 2025 angepata dola milioni 10, kutoka milioni 7 alizopata Ivory Coast ilipotwaa kombe la 2023. Pesa hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Ni mauzo ya matangazo na udhamini.

Sasa upande wa pili. Kenya imefuzu AFCON mara sita tu: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Kwa nchi kama hii, kila mzunguko ni mlango, na milango ikipungua nusu, kuna kizazi kizima cha wachezaji kitakachozeeka nje. Misri haitaumia sana. Itafuzu tu. Watakaoumia ni wale ambao hufuzu kwa bahati ya kikosi kimoja kizuri kilichokomaa kwa wakati.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni jinsi uamuzi huu ulivyofikiwa. Tazama kalenda ya 2025. AFCON ya Morocco ilikuwa ichezwe Juni na Julai. FIFA ikaipanua Klabu Bingwa ya Dunia hadi timu 32, ikaipeleka Marekani, ikaiweka miezi hiyohiyo. AFCON ndiyo iliyosogea, hadi Desemba 21. Kisha, mwanzoni mwa Desemba, vilabu vikaruhusiwa kukaa na wachezaji wao hadi tarehe 15, badala ya kuwaachia tarehe 8. Kocha wa timu ya taifa akabaki na siku chache mno za kukaa na kikosi chake kizima kabla ya mechi ya kwanza. Wazo lenyewe la miaka minne lilitolewa na rais wa FIFA, Gianni Infantino, mwaka 2020. Kila palipotokea mgongano, aliyeombwa apishe ni Mwafrika. Kama vilabu vya Ulaya vingekuwa vinasubiri mishahara yao kutoka Cairo na Casablanca, nina hakika kalenda ingeelekea kwingine.

Mashindano hayo ya vilabu yanafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu pale pesa na haki zilikutana mchana kweupe. Fungu la zawadi lilikuwa dola bilioni 1. Sehemu ya zawadi za ushindi ilikuwa sawa kwa wote: ushindi wa hatua ya makundi ulikuwa dola milioni 2, uwe Real Madrid au Auckland City ya New Zealand. Lakini ada ya kushiriki, ile inayolipwa kabla mpira haujapigwa, ilipangwa kwa bara. Kila klabu ya Afrika, yaani Al Ahly, Wydad, Espérance na Mamelodi Sundowns, ilipangiwa dola milioni 9.55. Vilabu vya Ulaya vilipangiwa kuanzia milioni 12.81 hadi 38.19, kwa vigezo vya uwanjani na vya kibiashara. Uwanja ni uleule, dakika ni zilezile 90, lakini mmoja ameingia akiwa na mara nne ya mwenzake.

Mtetezi wa mpango huo ana jibu, na si jibu la kijinga. Atasema watazamaji walilipia kuiona Real Madrid, kwa hiyo anayeleta mteja apate zaidi. Ataongeza kwamba hata hiyo milioni 9.55 ni zaidi ya maradufu ya dola milioni 4 alizopata bingwa wa Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25. Yaani Sundowns ilipata zaidi kwa kufika tu Marekani kuliko Pyramids ya Misri kwa kutwaa ubingwa wa bara. Hilo ni kweli, na ndilo linalonitia hofu. Pesa zinazoingia kwa klabu moja kwa mkupuo kama huo hurudi nyumbani na kuvuruga ligi ya nyumbani, ambako mpinzani wake wa wiki ijayo hana hata robo yake. Haki haiharibiki Marekani peke yake. Inaharibika Pretoria, nyumbani kwa Sundowns, vilevile.

Hata hivyo siwezi kusimama na wale wanaotamani michezo irudi zamani, kabla ya wafadhili. Zamani ipi? Zamani ile Olimpiki ilikataza mwanariadha kulipwa, na sheria hiyo haikumuumiza mwana wa tajiri. Ilimuumiza Jim Thorpe, Mmarekani wa asili aliyeshinda pentathloni na dekathloni Stockholm mwaka 1912, akanyang'anywa medali kwa sababu aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli. Kipchoge Keino aliposhinda mita 1500 Mexico mwaka 1968 alikuwa askari polisi. Mshahara wa polisi ndio uliomlisha, si ile dhahabu. Mwaka 2024 Paris, Beatrice Chebet alishinda mita 5000 na 10,000, na shirikisho la riadha la dunia likamlipa dola 50,000 kwa kila dhahabu. Lilikuwa shirikisho la kwanza kufanya hivyo. Mashirikisho mengine yalilalamika kwamba michezo isiyo na pesa itaachwa nyuma. Huenda ni kweli, lakini sioni kwa nini mkimbiaji wa kutoka Kericho ndiye afunge mkanda ili wengine wajisikie sawa.

Na tusisahau kwamba tamaa ya biashara mara nyingine imetufungulia mlango. Kombe la Dunia la 2026, la timu 48 na mechi 104, ni mradi wa mapato, hakuna anayejifanya vingine. Lakini kwa sababu yake Afrika imepata nafasi tisa za moja kwa moja badala ya tano, na Cape Verde, visiwa vyenye watu nusu milioni hivi, ikafuzu kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Anayesema biashara siku zote ni adui wa haki na awaendee watu wa Praia, mji mkuu wa Cape Verde, awaambie hayo.

Kwa hiyo mpaka uko wapi? Kwenye viatu unaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye kandanda. Septemba 2023 mjini Berlin, Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa saa 2:11:53, amevaa kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138 hivi, bei yake dola 500, ambacho kampuni yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja na mazoezi machache ya kukizoea. Huku kwetu kijana wa Kisauni anayetaka kukimbia huanzia soko la Kongowea, kwenye lundo la raba za mitumba. Anaikunja soli kwa mikono miwili aone kama bado inarudi, anabonyeza kisigino kwa dole gumba, kisha anachimba lundo zima kutafuta ya pili yake. Huyu na yule wanaweza kusimama kwenye mstari mmoja wa kuanzia.

Riadha haikufukuza makampuni. Iliweka kikomo: tangu 2020 soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, bamba gumu ndani yake lisizidi moja, na viatu vya majaribio ambavyo havijafika sokoni haviruhusiwi kwenye Olimpiki wala mashindano ya dunia. Kuogelea kulichelewa zaidi. Mwaka 2009 mjini Roma, kwa mavazi ya plastiki yaliyomwongezea mwogeleaji kasi, rekodi 43 za dunia zilivunjwa kwenye mashindano mamoja, na mavazi hayo yakapigwa marufuku mwaka uliofuata. Kampuni zinaendelea kuuza, waogeleaji wanaendelea kudhaminiwa. Kilichoondolewa ni uwezo wa mwenye pesa kununua sekunde.

Wengine hunijibu kwamba usawa kamili haupo, na hutoa mfano wa hapahapa. Machi 24, 2007 Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Joto na unyevu wa Machi tunaujua. Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, alishindwa kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wapo waliosema hali ya hewa ya Mombasa haikuwa ya haki. Sikubali. Jua lile halikuuzwa. Lilimpiga Mkenya na Mhabeshi kwa pamoja, na hakuna aliyelipia kivuli. Ni tofauti kabisa na Beijing 2008, ambako fainali za kuogelea zilihamishiwa asubuhi ili ziangukie jioni ya watazamaji wa Marekani. Pale mwili wa mwogeleaji ulipangiwa saa na mwenye televisheni. Vivyo hivyo FIFA ilipotangaza mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji katika kila kipindi cha mechi zote za Kombe la Dunia la 2026, hata kwenye viwanja vyenye paa. Kwenye joto kali nayaunga mkono. Chini ya paa na kiyoyozi, naona nafasi ya matangazo.

Ndiyo maana naona uamuzi wa Rabat umekosewa, hata kama baadhi ya sababu zake ni za kweli. Kutokuwa tayari kwa waandaaji kungeweza kutatuliwa kwa kugawana uenyeji, kama tunavyofanya 2027. Kinachobaki ni kalenda iliyopangwa ili isiwakere wanaolipa mishahara ya wachezaji wetu, na kalenda inaamua nani anafika uwanjani na akiwa na pumzi kiasi gani.

Uamuzi haujatekelezwa bado, na kuna la kudai. Kabla ya 2029 CAF ichapishe mkataba wa Ligi ya Mataifa: haki za matangazo zimeuzwa kwa nani, kama mechi zitaonekana kwenye vituo vya bure au mtu wa Likoni atalazimika kurudi kibandani, vilabu vitawaachia wachezaji siku ngapi kabla ya mechi, na kila taifa litalipwa nini kwa kushiriki. La mwisho ndilo ninalolisubiri kuliko yote, nione kama Misri na Djibouti wataanza na kiasi kimoja.